Mlango Ulio Wazi: Vyuo vya Jumuiya na Elimu ya Kompyuta

Kila mwaka, matokeo ya mtihani yakisha kutangazwa, vijana hugawanyika makundi mawili. Wachache huitwa vyuo vikuu, na walio wengi hubaki wakijiuliza njia yao iko wapi. Swali hilo, msomaji, si geni, wala si la nchi moja. Katika Marekani liliulizwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na jawabu lililopatikana huko lilizaa chuo cha namna mpya ambacho leo chaitwa chuo cha jumuiya. Katika insha hii twataka kuona chuo hicho kilitoka wapi, kompyuta iliingiaje katika madarasa yake, na faida na hasara zilizofuata. Soma kwa makini, kwa sababu ajuaye yaliyowapata wengine hana haja ya kuyapima yote kwa mwili wake mwenyewe.

Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, mkuu wa shule ya sekondari aliyeitwa J. Stanley Brown alikubaliana na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, juu ya jambo dogo ambalo matokeo yake yalikuwa makubwa. Shule ya Joliet ingewafundisha vijana waliokwisha kumaliza sekondari masomo ya miaka miwili ya kwanza ya chuo kikuu, na kijana aliyefuzu angeruhusiwa kuendelea mbele katika chuo kikuu chenyewe. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 6 tu. Lakini zingatia maana yake. Kijana ambaye mzazi wake hakuweza kumpeleka mbali, kumlipia chumba na kumlisha, sasa aliweza kulala kwao, kula kwao, na asubuhi kwenda darasani. Elimu ilimfuata mtu mahali alipo. Mwaka 1907 jimbo la California lilitunga sheria iliyoziruhusu shule za sekondari kufanya vivyo hivyo, na mwaka 1910 mji wa Fresno ukawa wa kwanza katika jimbo hilo kuitumia ruhusa hiyo. Wakati huo vyuo hivi viliitwa vyuo vidogo, na jina hilo lilionyesha jinsi watu walivyovihesabu: kama ngazi ya chini ya jengo la wengine.

Vita Vikuu vya Pili vilibadili hesabu hiyo. Mwaka 1944 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria iliyowapa askari waliorudi vitani msaada wa kusoma, na zaidi ya milioni 2 kati yao waliingia vyuoni kwa msaada huo. Wengi wa watu hao walikuwa watoto wa wakulima na wafanyakazi wa viwanda, ambao kabla ya vita hawakufikiriwa kuwa watu wa chuo. Walipokaa darasani walisoma vizuri, na dhana ya zamani kwamba elimu ya juu ni ya wateule wachache ikatikisika. Mwaka 1946 Rais Harry Truman aliunda tume iliyoongozwa na George Zook, na mwaka uliofuata tume hiyo ikatoa taarifa yake. Ilisema kwamba angalau asilimia 49 ya watu walikuwa na akili za kutosha kumaliza miaka miwili ya masomo baada ya sekondari. Ikapendekeza vyuo vya karibu na watu, visivyotoza karo, vyenye kufundisha ufundi na elimu ya jumla pamoja, na vyenye kuwahudumia watu wa mji wote, vijana kwa wazee, mchana hata usiku. Tume ndiyo iliyolieneza jina la chuo cha jumuiya.

Usidhani, msomaji, kwamba mlango huo ulifunguliwa kwa watu wote siku hiyo hiyo. Katika majimbo ya kusini, sheria za ubaguzi ziliwatenga weusi na weupe shuleni tangu darasa la kwanza mpaka chuo kikuu. Jimbo la Florida lilipojenga vyuo vyake vya miaka miwili, liliwajengea watu weusi vyuo 12 vya peke yao, cha kwanza kikiwa kile cha Pensacola kilichofunguliwa mwaka 1949. Vingi katika hivyo vilifunguliwa baada ya mwaka 1954, yaani baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kukwisha kutamka kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Katika miaka ya 1960 vyote 12 vilifungwa au kumezwa na vyuo vilivyokuwa vya weupe. Hivyo neno jumuiya lina swali ndani yake siku zote: jumuiya ya nani? Chuo chaweza kuandika juu ya lango lake kwamba kiko wazi, na bado watu wa mtaa wa pili wasiweze kuingia.

Sasa tuiache kidogo habari ya vyuo, tuitazame mashine. Kompyuta, au tarakilishi kama waiitavyo wengine, haikuanza kama chombo cha shule. Ilianza kama chombo cha kuhesabu watu, fedha na mizinga. Mwaka 1890 serikali ya Marekani ilipofanya hesabu ya watu wake, waliokuwa zaidi ya milioni 62, ilitumia mashine zilizobuniwa na Herman Hollerith. Habari za kila mtu zilitiwa katika kadi kwa kutoboa matundu mahali maalumu, na mashine ikayasoma matundu hayo kwa nguvu za umeme. Kampuni ya Hollerith iliunganishwa na nyingine, na tangu mwaka 1924 muungano huo umejulikana kwa jina la IBM. Kwa muda mrefu kadi hizo ndizo zilizokuwa kumbukumbu za mabenki, za reli na za serikali.

Mwaka 1946, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ulimwengu ulionyeshwa mashine iliyoitwa ENIAC. Ilijaza chumba kizima, ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, na ndani yake mlikuwa na mirija ya utupu ipatayo 18,000. Waliotayarisha kazi zake walikuwa wanawake sita wenye ujuzi wa hesabu, na kwa miaka mingi majina yao hayakutajwa pamoja na majina ya wahandisi walioijenga. Kisha mashine za aina hiyo zikaanza kuuzwa. Mwaka 1951 ofisi ya hesabu ya watu ilipokea mashine ya UNIVAC, na baada yake kampuni za bima, mabenki na viwanda vikataka nazo. Ndipo ilipojulikana kwamba kununua mashine ni jambo moja, na kupata watu wa kuifanyisha kazi ni jambo jingine. Vyuo vikuu vilifundisha wataalamu wachache wa nadharia. Ofisi zilihitaji maelfu ya watu wa kuandika programu, kuendesha mashine, kutoboa kadi na kusahihisha makosa. Je, watu hao wangetoka wapi?

Walitoka, kwa sehemu kubwa, katika mafunzo ya kampuni zenyewe na katika vyuo vya jumuiya. Mwezi wa Oktoba mwaka 1957 Urusi ya Kisovyeti ilirusha Sputnik angani, na Wamarekani wakashikwa na hofu kwamba wameachwa nyuma katika sayansi. Mwaka uliofuata bunge lao lilipitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na sehemu moja ya fedha zake ilikusudiwa kufundisha mafundi. Mwaka 1963 ikafuata sheria nyingine ya elimu ya ufundi. Kwa fedha hizo na kodi za wenyeji, vyuo vya jumuiya viliongezeka kwa kasi ambayo haijaonekana tena, na inasemwa kwamba katika miaka ile ya 1960 palifunguliwa kipya karibu kila wiki. Vingi vikaanzisha somo lililoitwa uchanganuzi wa habari kwa mashine. Karani aliyefanya kazi mchana aliweza kuhudhuria darasa jioni, na baada ya miaka miwili kupata cheti kilichompa kazi mpya.

Hapa yafaa tusimame, kwa sababu ndipo penye fundisho kubwa kuliko yote. Katika vyuo hivyo palikuwa na wanafunzi wa namna mbili. Wa kwanza walifundishwa kutoboa kadi. Walikaa mbele ya mashine yenye vibonye kama taipu, na kazi yao ilikuwa kupiga haraka bila kukosea. Wengi wao walikuwa wanawake vijana, na mshahara wao ulitegemea wepesi wa vidole. Wa pili walifundishwa kuandika programu kwa lugha iliyoitwa COBOL, ambayo ilitungwa kati ya mwaka 1959 na 1960 kwa ajili ya kazi za biashara. Ilimpasa mwanafunzi wa namna hii kulichukua jambo kama malipo ya wafanyakazi, kulipasua vipande vipande, na kuueleza kila hatua kwa utaratibu usioacha shaka, kwa kuwa mashine haikisii.

Yaliyowapata ni haya. Katika miaka ya 1970 na 1980 ofisi ziliacha kadi na kuanza kuingiza habari moja kwa moja kwenye kompyuta. Kazi ya kutoboa kadi ikatoweka, na ujuzi wa vidole uliosomewa kwa bidii ukabaki bila soko. COBOL nayo ilidharauliwa, ikaitwa lugha ya wazee, lakini haikufa. Ilipokaribia mwaka 2000, mashine nyingi zilikuwa zikihesabu miaka kwa tarakimu mbili tu, na waandishi wa COBOL wakatafutwa ili kuzirekebisha. Tena mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowanyima watu wengi kazi, gavana wa jimbo la New Jersey aliwaomba hadharani watu wajuao COBOL wajitolee, kwa sababu mashine za serikali za kulipa posho za wasio na kazi bado zilizungumza lugha ile. Wote wawili, mtoboaji na mwandishi wa programu, walisoma chuo kimoja, labda katika jengo moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja alifundishwa kuitumikia mashine, na mwenzake alifundishwa kufikiri ili mashine imtumikie.

Huenda ukauliza, ni nani aliyeamua kijana huyu aende huku na yule kule? Hilo ndilo swali aliloliuliza mtaalamu wa elimu ya jamii, Burton Clark, mwaka 1960. Alikuwa amechunguza chuo cha jumuiya cha San Jose, katika California. Akaona kwamba wanafunzi wengi waliingia wakiwa na nia ya kuhamia chuo kikuu, lakini waliohama kweli walikuwa wachache. Waliobaki hawakufukuzwa. Walishauriwa polepole, kwa maneno ya upole na alama za mitihani, mpaka wenyewe wakakubali kupunguza matumaini yao na kuchukua masomo mafupi ya kazi. Clark alikiita kitendo hicho kuwapoza watu. Kwa maneno mengine, mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa wote, lakini ngazi ya kupandia juu ilikuwa nyembamba.

Mwaka huohuo wa 1960 jimbo la California lilipitisha mpango wake mkuu wa elimu ya juu. Mmoja katika kila wahitimu wanane walio bora angepata nafasi katika Chuo Kikuu cha California, theluthi moja ya walio bora wangepokelewa na vyuo vya jimbo, na wengine wote wangepokelewa na vyuo vya jumuiya, wakiwa na haki ya kuhamia juu wakifaulu. Watetezi wa mpango huo walisema kwamba hakuna kijana aliyetupwa. Wapinzani walisema kwamba vijana wamepangwa mafungu kama kahawa. Kila upande ulikuwa na ukweli wake, na ubishi huo haujakwisha mpaka leo.

Karibu na San Jose hapo hapo, katika bonde la Santa Clara lililojaa mashamba ya matunda, palikuwa pakizaliwa viwanda vya elektroniki, na bonde likaja kuitwa Silicon Valley. Mwaka 1967 chuo cha jumuiya cha De Anza kilifunguliwa katika mji wa Cupertino. Miongoni mwa waliosoma hapo alikuwamo kijana Steve Wozniak, ambaye baadaye alisanifu kompyuta za kwanza za kampuni ya Apple. Mashine yake ya Apple II, iliyotoka mwaka 1977, ilikuwa miongoni mwa kompyuta za kwanza ambazo mtu wa kawaida aliweza kununua na kuweka mezani kwake. Tarehe 24 Januari 1984 kampuni hiyo ilipotaka kuuonyesha ulimwengu kompyuta ya Macintosh, iliyoendeshwa kwa kipanya na picha ndogo, ilikodi ukumbi katika uwanja wa chuo hicho hicho cha De Anza. Chuo ambacho kilihesabiwa kuwa cha daraja la tatu kikawa jukwaa la habari iliyosikika dunia nzima.

Lakini mwaka huohuo wa 1984 lilitokea jambo jingine ambalo halikupigiwa makofi. Vyuo vya jumuiya vya California, ambavyo tangu mwanzo havikuwatoza wenyeji wa jimbo karo, vilianza kutoza dola 50 kwa muhula. Kwa tajiri kiasi hicho si kitu. Kwa mama anayefanya kazi ya usiku huku akisoma kompyuta jioni, kila dola ina mahali pake pa kwenda kabla haijatoka mfukoni. Tangu hapo karo imeongezeka mara kwa mara, ingawa wengi walio maskini husamehewa. Angalia basi jinsi mambo mawili yalivyokutana: mashine ilikuwa ikisogea karibu na watu, na mlango wa kuisomea ukawekewa bei.

Kompyuta ndogo zilibadili masomo pia. Zamani mwanafunzi alikabidhi kadi zake kwa mwendeshaji, akangoja saa nyingi kupata jawabu. Sasa alikaa mbele ya mashine yake, akakosea, akasahihisha papo hapo. Mtandao ulipoenea katika miaka ya 1990, vyuo vya jumuiya vilifundisha kuunganisha kompyuta kwa nyaya, kulinda habari zisiibwe, na kutengeneza mashine zilizoharibika. Leo Marekani ina vyuo hivyo vipatavyo elfu moja, na vimepokea watu wa kila namna: kijana atokaye sekondari, fundi wa kiwanda kilichofungwa, askari aliyestaafu, mhamiaji ajifunzaye lugha ya nchi. Mwaka 2014 jimbo la Tennessee lilitunga sheria ya kuwafidia wahitimu wa sekondari karo yote iliyosalia baada ya misaada mingine, na majimbo mengine yakaiga. Hata hivyo, chini ya nusu ya wanaoanza katika vyuo hivyo hufikia kupata shahada au cheti ndani ya miaka 6. Wengi hawashindwi na masomo. Hushindwa na nauli, na mtoto mgonjwa, na zamu ya kazi iliyobadilishwa ghafula. Kumfungulia mtu mlango ni nusu ya wema. Nusu ya pili ni kumwezesha kufika mwisho wa ukumbi.

Wala jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Katika Kenya pia watu wamejenga vyuo kwa mikono yao. Mombasa ilipata chuo cha ufundi kilichoanza kufundisha mwaka 1951, na Nairobi ikapata chake mwaka 1961. Baada ya uhuru, kwa moyo wa Harambee, wananchi wa sehemu mbalimbali walichanga fedha kujenga vyuo vya ufundi, na huko Nyeri wakulima wa kahawa walitoa sehemu ya mapato yao kwa chuo cha Kimathi kilichoanzishwa mwaka 1972. Hicho hakikuitwa chuo cha jumuiya, lakini kilistahili jina hilo, kwani jumuiya ndiyo iliyokilipia. Mwaka 2012 chuo hicho kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu, na mwaka 2013 vile vya Mombasa na Nairobi navyo vikapata hati zao. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mwenye busara angeuliza pia: chuo cha ufundi kikipanda daraja, ni nani atakayekaa katika nafasi aliyoiacha, amfundishe kijana ambaye alama zake hazikufika?

Basi, msomaji, ukija kupewa nafasi katika chuo kisicho kikuu ili usome teknolojia ya habari, usiidharau, wala usiipokee kama mtu aliyefumba macho. Uliza kwanza utafundishwa nini. Ukiambiwa kwamba utafundishwa kubonyeza programu fulani tu, jua kwamba programu hiyo itazeeka kabla yako, kama kadi zilivyozeeka. Tafuta ndani ya somo lile jambo lisilozeeka: kulieleza tatizo kwa utaratibu, kulipasua, kulijaribu, kukubali kwamba umekosea na kutafuta kosa liko hatua gani. Uliza pili ngazi iko wapi, yaani cheti chako kitakubaliwa na chuo gani ukitaka kupanda. Jawabu likiwa la kuzungukazunguka, uliza tena mpaka uonyeshwe maandishi. Wanafunzi wa San Jose walipozwa kwa sababu hawakujua kuwa wanapozwa.

Na ukifuzu, ukawa mwalimu, mkuu wa chuo au mtunga sheria, kumbuka kwamba chuo cha Joliet kilianza na wanafunzi 6 wanaolala kwao. Hakikuwa na jengo lake wala sifa. Kilikuwa na watu wawili waliokubaliana kwamba umaskini wa mzazi usiwe kipimo cha akili ya mtoto, na makubaliano hayo yakatimizwa kwa kazi ya kila siku darasani. Katika wilaya yako wako vijana wengi zaidi ya sita wanaongoja watu wawili wa namna hiyo.